Ukurasa wa Tano

Mimi nilikuwa na sauti. Nasema bila haya, maana waliokuwapo wangali hai na watanishuhudia. Katikati ya miaka ya sabini nilipangiwa kufundisha katika kijiji kimoja magharibi ya Kahama, njia ya kwendea Ushirombo, nikiwa binti wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, mwepesi wa hasira, na mwenye sauti ya kujaza kanisa. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri niliwafundisha wazazi wao kisomo kwenye baraza la ghala la kijiji, na ukiniuliza kati ya makundi hayo mawili lipi lilikuwa na adabu zaidi, nitakujibu watoto.

Wazazi walikuwa wanatoroka. Huyu ng'ombe wake kapotea, yule kichwa kinamwanga, mwingine macho hayaoni ubao ilhali anaona kanga porini toka mbali. Nikawatafutia dawa. Gazeti la Dar es Salaam lilikuwa likitufikia kwa basi la Kahama, limechelewa wiki nzima, limekunjwa na kukunjuliwa na kila aliyekaa njiani. Nikaanza kulisoma kwa sauti mwisho wa somo, nikiligeuza kwa Kisukuma kwa ajili ya wale ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kusalimia tu. Sikusoma kama mwalimu. Niliigiza. Waziri alikuwa na sauti yake nzito, mlanguzi aliyekamatwa alilia kwa sauti nyembamba, na timu ya mpira ikifungwa nilipiga magoti. Kisha nikaongeza zawadi: aliyehudhuria wiki nzima bila kukosa alipewa karatasi ya ndani ya gazeti akasokotee tumbaku.

Mgeni hawezi kuelewa uzito wa zawadi hiyo. Tumbaku tulilima wenyewe, ilijaa mabandani. Karatasi ndiyo iliyokuwa adimu, na wazee walikuwa wamechoka kuvutia maganda ya mahindi. Basi ukurasa wa mbele, wenye picha, niliubandika kwenye ukuta wa ghala kwa uji wa muhogo, na kurasa za ndani zikaenda kwa wenye bidii. Mahudhurio yalipanda mpaka afisa elimu akaja kujionea, akanisifu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nami nikavimba kichwa. Siri ya karatasi sikumwambia.

Sasa nimlete yule bwana. Alikuwa jirani wa shule, mfugaji wa makamo, mwenye mke na watoto watatu na mama mzee aliyekaa naye. Alikuwa pia na dume moja jeupe la ng'ombe lisilojua mpaka. Mwaka wangu wa pili dume lile liliingia shambani kwangu likala mahindi yangu yote, yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Nikamwendea nimewaka moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa msokoto mdomoni, akasema mbele ya watu, "Tusamehe mwalimu. Huyu dume bado hajaanza kisomo."

Watu walivunjika mbavu. Mahindi alinilipa, tena kwa kuzidisha, lakini kicheko kile sikumsamehe. Tangu siku hiyo nikimsalimia nilimsalimia kwa ncha ya ulimi.

Mama yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Siku niliyofika kijijini na sanduku langu la bati, yeye ndiye aliyenitumia karanga za kuchemsha na maji ya kuoga, akaniita mwanangu kabla hajaniuliza jina. Nilipita kwake mara kwa mara kumpa shikamoo, nikichagua saa ambazo mwanawe yuko machungani.

Jeshi la Uganda lilipovuka mpaka kule Kagera, mwaka wa sabini na nane, mgambo wa kijiji chetu waliitwa, na yule bwana akaenda pamoja nao. Tuliwasindikiza hadi kwenye lori kwa nyimbo, hata mimi niliimba. Miezi ile gazeti langu lilikuwa mfalme. Baraza la ghala halikutosha, watu walisimama hadi kwenye uwanja wa mchanga, na kila mji uliotekwa kule mbele niliuteka upya kwa sauti yangu. Vita vilipokwisha wenzake walirudi mmoja mmoja. Yeye hakurudi. Mama yake alizoea kuja kwangu na kuuliza kama gazeti limesema kitu, nami nilimwambia halijasema.

Kisha likasema. Ilikuwa mwaka uliofuata, mvua zimechelewa, watu wana wasiwasi na mashamba. Nililifungua gazeti mbele ya darasa, na pale ukurasa wa mbele nikamwona. Picha ilionyesha wanaume watano wamesimama kwenye bandari ya ziwani nyuma ya rundo la vitu: redio, baiskeli, magodoro, cherehani moja. Yeye alikuwa wa pili kutoka kushoto. Habari ilitaja jina lake na jina la kijiji chetu. Ilisema wameshikwa na mali inayoshukiwa kuwa ya uporaji, na kwamba mmoja wao, mgambo wa Kahama, anashukiwa kumwua fundi cherehani aliyekuwa hana silaha na kuichukua mashine yake.

Nitasema ukweli, kwa kuwa uwongo wake nilishausema siku ile. Nilifurahi. Sikufurahi kwamba fundi amekufa. Nilifurahi kwamba yule aliyenifanya kichekesho sasa yuko mkononi mwangu, na watu mia wananitazama mdomo. Nikasoma kama sijawahi kusoma. Nilimpa yeye sauti ya kuguruma. Nilimpa fundi sauti ya kuomba huruma, kisha nikampa kilio, kilio kirefu cha mtu anayekufa, hadi mama mmoja akajifunika uso kwa khanga. Gazetini hakukuwa na kilio. Hakuna aliyeniuliza nimekitoa wapi.

Chini kabisa ya ukurasa iliandikwa kwamba habari inaendelea ukurasa wa tano. Niliyaona maneno hayo. Lakini watu walikuwa wanapiga kelele nirudie, wengine ndio kwanza wanafika, nami nikarudia, nikarudia tena mara ya tatu, kilio kikizidi kuwa kirefu. Nilipomaliza jasho linanitoka. Nikagawa kurasa za ndani kama kawaida yetu, wenye mahudhurio mazuri wakapokea, wakachanachana, wakasokota palepale. Ukurasa wa mbele niliubandika ukutani.

Siku ya tatu kijiji kilikaa mkutano. Wazee walisema damu ya mtu asiye na silaha haikai kimya, na kwamba mvua haichelewi bila sababu. Wakaamua atengwe. Mtu aliyetengwa kwetu hasalimiwi. Hachoti maji kisimani pamoja na watu. Haombi moto kwa jirani, na siku hizo viberiti vilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo moto ulikuwa ni wa kuombana. Akifa, hachimbiwi kaburi. Na amri haimgusi peke yake, inamgusa kila anayekula chungu kimoja naye. Mkewe aliposikia hivyo alifunga mizigo, akachukua watoto, akarudi kwao Bugarama. Akabaki yule bibi.

Mwezi haukupita yule bwana akashuka kwenye basi, amekonda, amevaa koti la kijeshi lisilo na vifungo. Polisi walikuwa wamemwachia wakati upelelezi unaendelea, kwa sharti la kuripoti Kahama kila wiki mbili. Alisalimia watu kituoni, "Mwadila," hakuitikiwa. Alisalimia tena njiani, hakuitikiwa. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye ghala, mimi nikiwa nafundisha, akasimama mbele ya ukuta, akajikuta pale amebandikwa. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Sikujua kwamba anajua kusoma. Baadaye nilisikia alijifunza kambini.

Alipofika chini alinigeukia. "Mwalimu," akasema, "ukurasa wa tano uko wapi?"

Darasa zima likanitazama. Nilikuwa na chaki mkononi, na mimi nikikosa jibu huwa mbaya. Nikamwambia, "Muulize aliyeuvuta."

Walicheka, tena kwa nguvu kuliko walivyocheka siku ya dume. Yeye alivua kofia, akaivaa tena, akaenda kwao. Nilidhani ningeona raha, maana ndicho kicheko nilichokuwa nimekidai miaka yote ile. Badala yake chaki ilinivunjikia mkononi, na herufi nilizoandika ubaoni zilikwenda upande. Nilianza kujiuliza ukurasa ule ulisema nini. Nilikuwa nimewasomea watu mia maneno ya wanaomshuku, mara tatu, na sikujua kama yeye mwenyewe aliulizwa wala alijibu nini.

Roho ilinisuta lakini nilijikaza. Nilijiambia gazeti haliandiki mtu bure. Nilijiambia hayanihusu. Haya yote nilijiambia kwa wiki mbili, hadi siku yule bwana alipokwenda Kahama kuripoti na mvua ikanyesha hatimaye.

Ilinyesha usiku kucha, ikavuja kila nyumba. Asubuhi yake nikiwa naenda shuleni nilisikia kikohozi kwa yule bibi. Nilitazama huku na huku kama mwizi, nikachungulia mlangoni. Jiko lilikuwa limejaa maji na gogo la moto alilolilinda siku zote lilikuwa limezimika. Alikuwa amejikunyata kwenye kigoda, homa imemshika, anatafuna karanga mbichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiingie, wasije wakakuona." Akakohoa. "Moto wangu umekufa. Mwenyewe ningekufa zamani, ila nauliza, nani atanichimbia kaburi? Mwanangu peke yake hawezi, mgongo alioumia vitani haujapona. Basi nimeahirisha."

Alicheka, meno yake matatu yakaonekana. Mimi sikucheka. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na kiberiti chenye njiti sita. Mkono uliingia mkobani, ukakishika, ukakaa humohumo. Niliona mtu anapita barabarani na jembe, nikautoa mkono mtupu, nikasema nimechelewa kengele. Nimefanya makosa mengi maishani na mengine hata nayacheka. Hilo la kiberiti bado linaniuma hadi leo, na ni haki yangu liniume.

Jumamosi ile nilipanda basi la Kahama. Sikwenda kutafuta kama hana hatia. Nilikwenda kutafuta ukurasa wa tano, basi. Nilijua pa kuanzia. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, duka lake karibu na stendi, ambaye rafu zake miaka ile zilikuwa tupu, hamna sabuni, hamna nguo, lakini nyuma ya kaunta alikuwa na magazeti ya zamani yamepangwa hadi darini. Alikuwa akiyanunua maofisini kwa ajili ya kufungia chumvi na misumari.

Nikamweleza shida yangu. Alivua miwani.

"Mwalimu, hapa kuna magazeti ya miaka mitatu. Hayakupangwa. Na panya wamesoma kabla yako."

"Nitapanga mimi."

"Bas, panga," akasema, akaniletea kigoda na chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Nilipanga mchana kutwa. Jumapili nikatoka misa ya kwanza nikarudi dukani. Vumbi lilinijaa puani, vidole vikawa vyeusi, mke wa mwenye duka akanihurumia akanipa chapati. Saa nane mchana nilikuta gazeti lenyewe. Picha ileile, wanaume watano, cherehani. Nikafungua ndani. Ukurasa wa tano ulikuwapo, umeliwa pembe na panya, lakini habari ilikuwa nzima.

Ilikuwa mistari kumi na minne tu. Ilisema mgambo wa Kahama amekana. Alisema cherehani alikabidhiwa na fundi mmoja wa upande wetu wa mpaka, ambaye nyumba yake ilichomwa na adui, ampelekee dada yake Mwanza hadi atakapokuja mwenyewe. Alisema fundi yule aliachana naye yu hai. Mstari wa mwisho ulisema polisi wanaendelea na upelelezi na kwamba hakuna kati ya hao watano aliyefikishwa mahakamani.

Niliusoma mara nne. Huenda wengine mnangoja niseme kwamba hapo niliamini hana kosa. Sikuamini. Wala sikuamini kwamba analo. Hilo ndilo lililonitoa jasho: kwamba nilikuwa sijui, na tangu siku ya kwanza nilikuwa sijui, na kwa kutojua kwangu bibi wa watu anakula karanga mbichi. Maneno yake mwenyewe, mistari kumi na minne ya kujitetea, wanafunzi wangu walikuwa wameyavuta na kuyapuliza hewani, na mimi ndiye niliyewapa kama zawadi.

Nilimwuliza mwenye duka bei ya gazeti lile. Akasema, "Chukua. Hilo halifungi chumvi tena."

Niliporudi nilimwendea mwenyekiti wa kijiji moja kwa moja, vumbi la Kahama likiwa bado kichwani. Alikuwa mtu mzito, mwenye haki yake, asiyependa kusumbuliwa. Nilimwambia naomba mkutano. Akaniambia jambo lile limekwisha. Nikamwambia halijaanza. Tulivutana hadi mkewe akatoka jikoni kututazama, na mwishowe akakubali, nadhani ili niondoke uani kwake.

Mkutano ulijaa. Yule bwana aliitwa, akasimama pembeni peke yake, watu wakiwa wamemwachia nafasi pande zote. Mama yake hakuweza kutembea. Mimi nilipanda kwenye ngazi ya ghala, nikabandua ukurasa wa mbele ukutani, nikausoma. Niliusoma kama ulivyoandikwa, bila sauti za kuigiza, na bila kilio. Ulikuwa mfupi ajabu. Watu wakaanza kunong'ona.

Mama mmoja, yuleyule aliyejifunika uso siku ile, akapaza sauti. "Mayu mwalimu, mbona fundi halii leo?"

"Kilio kile nilikitunga mimi," nikasema. "Gazetini hakimo. Tazameni wenyewe, wengi wenu sasa mnajua kusoma."

"Ati nini? Nami nililia siku ile mpaka nikashindwa kula!"

"Nisamehe mama. Nilitaka msikie vizuri, nikawasikilizisha na kisichokuwapo."

Kisha nikafungua ukurasa wa tano. Huu niliusoma kwa Kiswahili, nikaugeuza kwa Kisukuma, na nilipofika kwenye maneno ya yule bwana nilimpa sauti yake ya kweli, sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na jirani. Mistari kumi na minne.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwanafunzi wangu mwenye mahudhurio bora kuliko wote, akanyanyuka akiegemea fimbo. "Ukurasa huo nilipewa mimi," akasema. "Niliuvuta kwa siku mbili. Kumbe nilikuwa navuta maneno ya mtu." Akakaa.

Mwenyekiti hakutikisika. "Mwalimu, nakuuliza mbele ya watu. Wewe unajua kwamba huyu hakuua?"

"Sijui."

Mngurumo ukapita. Mwenyekiti akatandaza mikono. "Sasa umetuitia nini?"

"Kwa sababu na wewe hujui," nikamwambia. "Wala hapa hakuna anayejua. Polisi wenyewe wanasema bado wanatafuta. Sisi tulio mbali na Kagera tumejua vipi kabla yao? Tumejua kwa mdomo wangu. Basi mdomo wangu ndio huu, unasema ulisoma nusu. Kama kuna wa kulaumiwa kwa hili nilaumiwe mimi, lakini msimnyime mtu maji kwa nusu ya gazeti."

Sauti yangu, niliyojisifia hapo juu, ilikuwa imekwisha kabisa, maneno ya mwisho yalitoka kama ya mtu mwenye mafua. Lakini yalisikika. Mwenyekiti akamgeukia yule bwana, na kwa mara ya kwanza tangu arudi mtu akamtaja kwa jina lake. Akamwuliza anataka nini.

Nilidhani atalalamika. Alikuwa na haki ya kututukana mmoja mmoja hadi jua lizame. Alisema, "Nataka mama yangu apate moto."

Wazee walijitenga nyuma ya ghala. Hawakukaa sana. Waliporudi mwenyekiti alisema maneno ambayo niliyaandika siku hiyohiyo kwenye daftari la mahudhurio. Alisema mahakama ikimwita na kumwona ameua, kijiji kitakaa tena na hakuna atakayemficha. Lakini leo kosa lake halijajulikana, na mtu ambaye kosa lake halijajulikana ni mtu wetu, maji ni yake na moto ni wake. Kisha akaninyooshea kidole. Kwa desturi, akasema, aliyesababisha moto wa mtu uzimwe bila sababu kamili ndiye anayeupeleka, na tena anatoa mbuzi. Nilikuwa na mbuzi mmoja tu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilichukua makaa nyumbani kwangu kwenye kigae cha chungu, nikayafunika na majivu, nikatoka. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, barabara nyekundu. Nilitegemea kwenda peke yangu. Nilipofika kwenye mti wa kengele ya shule wanawake wawili wakaungana nami, mmoja ana kuni, mwingine ana ndoo ya maji. Kisha wakawa sita. Kisha sikuhesabu tena. Mtu akapiga kigelegele nyuma yangu, na nyumba za mbele zikaitikia kabla hatujafika, na wanaume waliokuwa wamebaki ghalani wakaja mbio wakiwa wameshika kofia zao. Kigae kiliniunguza vidole hadi nikabadili mkono mara tatu, wala sikutaka mtu anipokee. Hata bibi harusi hasindikizwi kwa shangwe kama ile. Nilitembea kichwa juu huku machozi yananitoka, na sikuona haya hata kidogo.

Yule bibi alikuwa ameegemezwa mlangoni. Nilipiga magoti, nikaweka makaa jikoni mwake, nikapuliza. Kuni zilikuwa na unyevu, zikatoa moshi kwanza, zikashika. Alitazama ndimi za moto, akatazama umati uliojaa uani kwake, akanihesabia vijana wenye nguvu kwa kidole.

"Wabeja," akatushukuru. "Sasa wachimbaji wa kaburi wapo wa kutosha." Akavuta kigoda karibu na jiko. "Hebu kwanza nipikieni uji."

Mbuzi wangu aliliwa palepale uani, na mimi nikapewa mguu. Yule bwana aliniletea mwenyewe. "Mwalimu," akasema, "hicho kilio ulichokitunga, siku moja unipigie na mimi nikisikie. Nasikia kilikuwa kizuri." Nikamtukana tusi la kirafiki, la kwanza maishani mwetu. Mkewe alirudi na watoto kabla ya palizi. Bibi alipona, akaendelea kuahirisha kufa kwa miaka mingi tu, na kila Jumapili alinisimamisha nje ya kanisa aniulize magazeti yanasema nini.

Bwana yule aliendelea kwenda Kahama kuripoti kila wiki mbili. Siku hizo watu walimtuma: niletee chumvi, nipelekee barua, niulizie bei ya mchele. Hakuna aliyejua kesi itaishaje. Wapo waliobaki na mashaka, na hawakuyaficha, lakini walichota naye maji.

Karibu mwaka mzima ulipita hivyo. Alikuwa juu ya paa la jiko langu, yeye na majirani wanne, wananiezekea, mwenyekiti alipokuja na barua ya polisi. Yule bwana aliisoma akiwa ameketi kwenye pao, miguu inaning'inia. Fundi cherehani amepatikana Mwanza kwa dada yake, yu hai, ametoa maelezo, na jalada limefungwa. Tena fundi alikuwa amelalamika kwamba mashine yake ina kutu.

Mimi nilipiga kelele ya furaha. Nilitaka tukio, nilitaka kijiji kimfanyie jambo kubwa, nikasimama pale chini nikifikiria tumrudishie nini. Mke alikuwa kwake. Moto ulikuwa unawaka kwa mama yake, nilikuwa nauona moshi wake toka pale. Wanaume wa kijiji walikuwa naye juu ya paa, bega kwa bega, tangu asubuhi. Serikali ilikuwa imeleta barua ya kumsafisha, na kwetu hapakuwa na kitu chochote kilichobaki cha kumrudishia.

Yeye aliikunja barua akaitia mfukoni. Kisha akatuambia tuache kushangaa, mvua inakuja, tumrushie nyasi.